Wi-Fi imegoma baada ya laptopu kutoka kwa fundi: pa kuanzia kabla hujapiga Windows upya

Umebadilishiwa kioo, kibodi au feni. Laptopu inawaka vizuri, lakini Wi-Fi haionekani kabisa, au inashika pale tu unapokaa ubavuni mwa ruta. Ushauri wa kwanza utakaopewa ni kupiga Windows upya. Usikubali bado. Kama Wi-Fi ilikuwa nzima kabla ya matengenezo, kitu cha kushuku kwanza ni kile kilichoguswa ndani, na hakuna Windows inayoweza kurudisha waya uliochomoka. Utapoteza mafaili, utamaliza bando kwa masasisho, na tatizo litabaki palepale.

Hapa nafuata HP EliteBook 840 yenye Windows 10 au 11, mashine ambayo mafundi wengi wanaijua. Kwa Dell Latitude na Lenovo ThinkPad njia ni hiyohiyo, na pale zinapotofautiana nitataja.

Hatua ya 1: Muulize fundi aligusa nini

Antena za Wi-Fi hazimo kwenye kadi ya Wi-Fi, yaani kile kipande kidogo cha ndani kinachoendesha mtandao usio na waya. Kwenye laptopu nyingi zimebandikwa ndani ya mfuniko, kuzunguka kioo, na nyaya zake nyembamba hushuka kupitia bawaba hadi kwenye kadi iliyoko chini. Kwa hiyo aliyebadilisha kioo au bawaba amepita juu ya nyaya hizo hata kama hakukusudia. Aliyebadilisha kibodi au feni huenda alizichomoa ili apate nafasi. Aliyetoa betri ndogo ya saa amefuta tarehe, na pengine mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayowaka kabla ya Windows) pia. Jibu la swali hili litakuambia hatua ipi kati ya zinazofuata uipe uzito.

Hatua ya 2: Vitu vya dakika chache

Angalia kitufe chenye alama ya mnara au ndege. Kikiwaka rangi ya chungwa kwenye HP, Wi-Fi imezimwa. ThinkPad na Latitude za zamani zina swichi ndogo ya kusukuma ubavuni, na hiyo husogea kirahisi laptopu ikigeuzwageuzwa mezani.

Tazama tarehe na saa. Mwaka ukiwa umerudi nyuma, Wi-Fi itaunganishwa lakini kurasa zitakataa kufunguka kwa madai kwamba vyeti vya usalama si halali. Watu huhangaika na ruta kutwa nzima kwa ajili ya hili.

Ingia BIOS (laptopu inapoanza kuwaka, bonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad) uhakikishe kifaa cha mtandao usio na waya hakijazimwa. Kisha zima kabisa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, na ubonyeze kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe. Kadi iliyoganda huamka kwa njia hii mara nyingi kuliko unavyodhani.

Hatua ya 3: Je, Windows inaiona kadi?

Bofya kitufe cha kuanzia kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua Device Manager, fungua Network adapters. Kama jina la kadi ya Wi-Fi lipo na halina alama yoyote, nenda hatua ya 4. Kama lipo lakini lina pembetatu ya njano, tatizo linaelekea kuwa draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kutumia kadi. Ruka hadi hatua ya 6.

Jina lisipokuwepo kabisa, tazama Bluetooth kabla hujakata tamaa. Kwenye kadi nyingi za aina ya M.2 (kadi ndogo bapa za kuchomeka), Wi-Fi na Bluetooth zimo kwenye kadi moja, ila Bluetooth hupita njia ya USB na Wi-Fi hupita njia nyingine iitwayo PCIe. Bluetooth ikionekana, kadi imo kwenye tundu lake na inapata umeme. Zote mbili zikiwa zimepotea, shuku kwamba kadi haijakaa sawasawa, imekufa, au haikurudishwa.

Hatua ya 4: Pima mawimbi kwa namba

Vile vistari vya pembeni mwa skrini havitoshi. Kaa kama mita moja kutoka kwenye ruta, au karibu na simu yenye hotspoti, fungua Command Prompt na uandike:

netsh wlan show interfaces

Matoleo mapya ya Windows 11 yatakutaka uwashe kwanza huduma ya mahali kwenye mipangilio ya faragha. Soma mstari wa Signal. Kwa umbali huo unatakiwa uone asilimia 90 au zaidi. Ukiona 40 au 50, na ukienda chumba cha pili mtandao unapotea wakati simu yako bado inashika vizuri, antena hazifanyi kazi. Achana na draiva, chukua bisibisi.

Mstari wa Receive rate nao unasaidia. Kadi ya 802.11ac (yaani Wi-Fi 5) yenye antena mbili, kwenye chaneli ya upana wa 80 MHz, hufika Mbps 866.7. Kama ukiwa karibu na ruta inayomudu kasi hiyo inakwama kwenye 433.3, huenda waya mmoja tu ndio unaofanya kazi.

Ukiwa hapohapo andika pia netsh wlan show drivers utazame aina za redio zinazoorodheshwa. Kama mashine yako ilikuwa na 802.11ac na sasa inaonyesha b, g na n (aina za zamani zaidi) peke yake, huenda kadi iliyomo ndani si ile uliyompelekea fundi. Hilo ni jambo la kumuuliza uso kwa uso, na una haki ya kupata jibu.

Hatua ya 5: Fungua mfuniko wa chini

Zima, chomoa chaja, fungua mfuniko, kisha kabla ya kugusa kingine chomoa betri kutoka kwenye mazabodi (bodi kuu). Shika chuma kisicho na rangi ili umeme tuli utoke mwilini.

Kadi ya Wi-Fi ni kipande kidogo, milimita 22 kwa 30, chenye nyaya mbili juu yake. Anza na skrubu yake. Ikikosekana, kadi huinuka upande mmoja na kupoteza mguso, na mafundi wenye haraka huisahau sana. Ifungue, chomoa kadi, futa meno yake ya dhahabu kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, irudishe kwa mshazari, ilaze, ufunge.

Sasa nyaya. Kwenye HP waya mweupe huingia namba 1 na mweusi namba 2. Kwenye Dell mweupe huenda kwenye pembetatu nyeupe, mweusi kwenye pembetatu nyeusi. Ncha zake hubana kama kifungo cha kubonyeza cha nguo: iweke katikati kabisa juu ya kitundu, hakikisha imesimama wima, kisha bonyeza taratibu kwa kidole hadi usikie mlio mdogo. Ukihisi inagoma, inua uanze tena. Ukilazimisha, pini ya katikati itapinda na hapo kadi imeharibika. Ncha hizi hazikutengenezwa kwa kuchomolewa kila siku. Zikilegea hazishiki tena, na gundi haisaidii.

Fuata kila waya kwa macho hadi kwenye bawaba. Tafuta mahali palipobanwa chini ya skrubu, palipobapa, au palipochubuka hadi nyuzi za chuma zinaonekana. Waya wa antena uliokatika usiuunge kwa tepu wala kwa risasi. Ndani una tabaka zinazotakiwa kubaki na umbali wake uleule, na kiungo cha mkono huua mawimbi. Nunua seti nzima ya antena.

Kama unabadilisha kadi, kuna mitego miwili. Baadhi ya HP na ThinkPad za zamani hukataa kadi zisizo kwenye orodha yao. HP huonyesha kosa 104, ThinkPad huonyesha 1802. Pia kadi za Intel kama 9560 na AX201 hutegemea sehemu iliyomo kwenye mfumo wa Intel wenyewe, hivyo hazitafanya kazi kwenye mashine ya AMD wala Intel ya zamani, hata kama zinaingia kwenye tundu bila shida. AX200 na AX210 hazina sharti hilo.

Hatua ya 6: Draiva bila intaneti

Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Windows itaiona kama mtandao wa waya. Uweke mtandao huo kuwa wa kipimo, yaani metered, mara moja, la sivyo masasisho yatakula bando lote.

Kujua draiva ipi, rudi Device Manager, fungua sifa za kadi (Properties), nenda Details, kisha Hardware Ids. VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek, VEN_14C3 ni MediaTek. Pakua kutoka tovuti ya aliyetengeneza laptopu kwa namba ya mashine yako. Programu zinazodai kutafuta draiva zote kwa mkupuo ziache. Nyingi huleta takataka.

Bado una shaka kama ni Windows au ni kadi? Washa laptopu kwa flashi yenye Ubuntu (mfumo mwingine wa bure, kama Windows), chagua kuijaribu bila kuisakinisha. Wi-Fi ikishika humo na asilimia zikiwa nzuri, kadi na nyaya ni nzima, na hapo ndipo kupiga Windows upya kunapokuwa na maana.

Kama kadi yako ilibadilishwa na mtandao wa ofisini au chuoni pekee ndio unaokukataa, mpe msimamizi anwani mpya ya MAC (namba ya utambulisho wa kadi), kwa sababu kadi mpya huja na yake.

Ukirudi kwa fundi, nenda na asilimia ulizopima, picha ya Device Manager na jina la kadi, na umwombe afungue mbele yako.