Kuanza kutumia retinoli usoni bila kubabua ngozi

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumhudumia mama yangu mdogo, aliyekuja kwangu akiwa na mashavu yaliyobabuka kwa sababu alipaka retinoli usiku saba mfululizo.

1. Chagua bidhaa. Retinoli ni aina ya vitamini A ambayo ngozi huigeuza kuwa asidi ya retinoiki, na asidi hiyo ndiyo inayochochea kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara) na kupunguza mikunjo. Tretinoini ni asidi yenyewe, ni kali zaidi, na hutolewa kwa cheti cha daktari. Anza na retinoli isiyozidi asilimia 0.3, kiwango ambacho Umoja wa Ulaya umekiweka kuwa kikomo kwa krimu za uso. Mimi hununua chupa ya pampu isiyopenya mwanga, kwa kuwa hewa na mwanga huiharibu. Krimu za kuchanganyiwa dukani, zisizo na orodha ya viambato, siziruhusu nyumbani kwangu, kwani huweza kuwa na haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) au steroidi (dawa kali zinazoweza kuifanya ngozi kuwa nyembamba). Mjamzito na anayetafuta ujauzito wasitumie kabisa.

2. Osha uso usiku kwa sabuni laini.

3. Paka. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, nami niliharibikiwa hapa hapa. Subiri ngozi ikauke kabisa, walau dakika ishirini, kwa sababu ngozi mbichi huweza kuwashwa zaidi. Chukua kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, ukiepuka kope, pembe za pua na pembe za mdomo. Sehemu hizo zipake kwanza mafuta ya mgando. Ngozi yako ikiwa kavu, tanguliza losheni, kisha retinoli, kisha losheni tena. Wiki mbili za mwanzo paka usiku mbili tu kwa wiki, kisha ongeza usiku mmoja kila baada ya wiki mbili iwapo hakuna muwasho. Kukauka na kubanduka kidogo ni kawaida, lakini ukihisi moto au uso ukiwa mwekundu, acha mpaka utulie. Sisi wenye ngozi nyeusi tusipuuze jambo hili, kwani ngozi ikiungua huacha madoa meusi yanayokaa miezi. Usiku unaopaka retinoli usisugue uso kwa skrabu wala usipake asidi nyingine za kubandua ngozi.

4. Asubuhi paka krimu ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, hata kama kuna mawingu, mistari miwili ya urefu wa vidole kwa uso na shingo. Mabadiliko ya mikunjo huonekana baada ya miezi mitatu hadi sita.