Deni la ndugu alioko Uingereza, andikianeni siku ile ile

Mwenye ndugu Uingereza anaepokea Universal Credit (msaada wa pesa wa serikali ya kule kwa wenye kipato kidogo) kwa sababu ya ulemavu, ukimkopesha pesa basi siku ile ile muandikiane karatasi, tarehe, kiasi, atalipa vipi, mashahidi wawili, na sheha akigonga muhuri ndo bora zaidi, halafu akilipa apitishe benki aandike kuwa analipa deni. Kwa sababu kule wanaangalia akiba, ikizidi pauni 6,000 wanaanza kukata, pauni 4.35 kwa mwezi kwa kila 250 iliyo juu ya hapo, hata ikiwa haijatimia, na ikipindukia 16,000 basi tena, hapati kitu. Sasa mtu kapata urithi akakurejeshea chako, kulipa deni lake mwenyewe sheria inamruhusu, ila bila ya ushahidi wanaweza kusema kagawa makusudi ili akiba ipungue, wakamhesabia kama pesa bado anazo. Na sisi huku kukopeshana ni kwa mdomo tu, "tutajuana bwana", wakati dini yenyewe imetuamrisha tuandikiane!

Haisaidii kama karatasi mnaitunga baadae (huo ni udanganyifu, msithubutu), wala kama deni ni la kaka yake yeye anamlipia tu. Na kama ana kiwanja huku, tuseme Fuoni, nacho kwao ni mali, akitaje. PIP (posho yao nyingine ya ulemavu) ndo haina habari na akiba, hata awe nazo ngapi.