Kuchagua Kamera, Lenzi na Tripodi kwa Bajeti Ndogo

Mtu anayenunua kamera yake ya kwanza kwa fedha za kudunduliza huwa anaanza hesabu kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Anatafuta iliyo ghali kuliko zote anazozimudu, lenzi anapokea ile inayokuja nayo, na tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu, inangoja fedha nyingine zikipatikana. Mimi nashauri hesabu ianzie upande wa pili. Lenzi ndiyo inayoamua mwanga kiasi gani utafika ndani ya kamera, tripodi ndiyo inayoamua kama picha ya jioni itatulia, na bodi iliyotengenezwa miaka 10 au 12 iliyopita, maadamu ni nzima, itafanya kazi iliyobaki bila tabu. Katika kila shilingi 100 ulizonazo, zisizidi 50 kwa bodi pamoja na lenzi yake ya kuanzia. 20 hadi 25 ziwe za lenzi ya pili yenye tundu kubwa, 15 ziwe za tripodi, na zinazosalia zinunue betri ya akiba, kadi ya kuhifadhia picha na begi.

Tundu la lenzi, yaani uwazi unaopitisha mwanga, ndilo jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu. Ukubwa wake huandikwa kwa herufi f na namba, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Lenzi ya kuanzia, ile ya milimita 18 hadi 55 (ukiivuta kuelekea 55, kitu huonekana karibu zaidi), kwa kawaida hufunguka mpaka f/3.5 ikiwa haijavutwa, na ikivutwa hadi mwisho tundu lake haliwezi kuzidi f/5.6. Gawanya 5.6 kwa 1.8, kisha zidisha jibu kwa lenyewe, utapata karibu 9.7: maana yake lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 ya ule unaoingizwa na lenzi ya kuanzia iliyovutwa.

Harusi ya kwanza niliyolipwa kuipiga picha ilifanyika usiku, katika ukumbi wenye taa za rangi na pazia la maua nyuma ya jukwaa. Bibi harusi alipoingia akisindikizwa na wapambe wake, nilivuta lenzi hadi milimita 55, na kamera ikachagua kuuacha mwanga uingie kwa 1/15 ya sekunde. Taa za ukutani zilitoka zimetulia, kwa sababu lenzi ile ilikuwa na kizuia mtikisiko, lakini uso wa bibi harusi ulitoka kama rangi mbichi iliyofutwa kwa kiganja. Kizuia mtikisiko hutuliza mkono wa mpiga picha. Hakimsimamishi mtu anayetembea. Kwa lenzi ya f/1.8, mwanga uleule ungeniruhusu kutumia karibu 1/150 ya sekunde, na mtu anayetembea polepole angetulia. Familia ile haikuwa na picha nyingine ya dakika ile, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kwa wenye kamera za Canon, lenzi ya kuitafuta kwanza ni EF 50mm f/1.8 STM, iliyotoka mwaka 2015. Ni nyepesi, ni nafuu ukilinganisha na lenzi nyingine za kampuni hiyo, na hupatikana kwa wingi ikiwa imetumika. Kwa wenye Nikon, nzuri ni AF-S DX 35mm f/1.8G ya mwaka 2009. Lenzi hizi hazivutwi, hivyo kusogea ni kwa miguu, na nafasi uliyonayo ni lazima uipime mapema. Kwenye kamera ya Canon yenye kihisi kidogo (kihisi ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), ambacho upana wake ni milimita 22.3, lenzi ya milimita 50 itakutaka urudi nyuma karibu mita 9 ili kundi la watu lenye upana wa mita 4 lienee kwenye picha. Sebule nyingi hazina mita 9. Kazi hiyohiyo kwa milimita 18 huhitaji mita 3 na kidogo tu, na ndiyo sababu lenzi ya kuanzia usiiuze: mchana, nje, kwa picha ya ukoo mzima waliojipanga mbele ya nyumba, ukiiweka kwenye f/8 itakupa picha kali ambayo hakuna atakayeuliza imepigwa kwa lenzi gani.

Wanunuzi wa Nikon wana mtego mmoja wa kuuepuka. Bodi za ngazi ya chini, yaani D3000 na ndugu zake kama D3300, pamoja na D5000 na ndugu zake kama D5300, hazina ndani mota ya fokasi, yaani ya kuizungusha lenzi mpaka picha iwe kali. Ukifunga lenzi ya zamani iliyoandikwa AF au AF-D, isiyo na herufi S, itaingia vizuri na picha itapigwa, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Lenzi za namna hiyo huuzwa rahisi sana, na anayezinunua huja kugundua akiwa nyumbani. Ama utafute lenzi ya AF-S, ama uchukue bodi yenye mota, kwa mfano D7100 ya mwaka 2013.

Kuhusu bodi sina mengi ya kusema. Usitishwe na idadi ya megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha. Picha ya ukubwa wa A4 inayochapwa kwa nukta 300 kwa kila inchi inahitaji pikseli 2480 kwa 3508, ambazo hazifiki milioni 9, wakati kamera ya megapikseli 24 inatoa pikseli 6000 kwa 4000. Canon 700D ya mwaka 2013, yenye megapikseli 18, inatosha kabisa kwa picha za mnato. Ikiwa utarekodi video pia, ongeza kidogo uchukue 200D ya mwaka 2017, kwa kuwa fokasi yake wakati wa kurekodi ni ya haraka na tulivu zaidi. Utakutana pia na wauzaji watakaokushawishi uchukue bodi kongwe yenye kihisi kikubwa, kama 5D Mark II ya mwaka 2008. Ni kamera ya heshima, lakini lenzi za EF-S, zilizotengenezwa kwa kihisi kidogo na ambazo nyingi ni za bei nafuu, haziingii humo, na utajikuta una bodi nzuri yenye lenzi chache unazozimudu. Canon na Nikon zilianza mifumo mipya ya kamera zisizo na kioo cha ndani mwaka 2018, na wapiga picha wengi waliohamia huko wanauza vifaa vyao vya zamani. Hiyo ndiyo nafasi yako, hasa kwa kuwa lenzi za EF zitaweza kufungwa kwenye bodi mpya za Canon kwa kutumia adapta siku utakapohama nawe.

Kifaa kilichotumika hukaguliwa mkononi, mchana, bila haraka, iwe ni Kariakoo ya Dar es Salaam, Luthuli ya Nairobi au sebuleni kwa mtu. Beba tochi ndogo. Ondoa lenzi kwenye bodi, fungua tundu lake kabisa, mulika kwa nyuma huku ukitazama kwa mbele, kisha inamisha lenzi taratibu. Vumbi kidogo lisikusumbue, kwani halionekani kwenye picha. Unachokitafuta ni nyuzi nyembamba zilizosambaa kama utando wa buibui kutoka ukingoni kwenda katikati: hiyo ni fangasi, ugonjwa mkuu wa lenzi za mwambao wetu, ambako unyevu huingia hata kabatini. Ikikaa muda mrefu hula tabaka la juu la kioo, na hata fundi akiisafisha alama hubaki. Iache lenzi hiyo, hata ikishushwa bei.

Kisha kagua bodi. Weka tundu kwenye f/16, piga picha ya anga jeupe, uikuze kwenye skrini. Madoa meusi yanayofutika kwa pampu ya hewa ni vumbi la kihisi, mikwaruzo haifutiki. Uliza shata, yaani kile kipazia cha ndani kinachofunguka na kufunga kila picha inapopigwa, imepigwa mara ngapi. Kwa Nikon, idadi hiyo huwa ndani ya faili la picha na hata tovuti za bure huisoma. Kwa Canon nyingi unahitaji programu maalumu na waya. Shata ya D5300 imepimwa na mtengenezaji kwa mapigo 100,000, kwa hiyo bodi iliyofika 90,000 haijafa, lakini bei yake nayo iwe imeshuka. Hakikisha chaja imeandikwa volti 100 hadi 240, na fungua menyu uone lugha zilizomo, kwani baadhi ya kamera zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazina lugha nyingine. Kadi nayo usiiamini kwa maandishi yaliyo juu yake. Ijaze picha na video mpaka mwisho, kisha uyafungue mafaili ya mwisho, kwa sababu kadi bandia hujulikana pale tu inapojaa.

Tripodi ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote, na ile ya plastiki inayouzwa bei ya chakula cha mchana ni hatari kwa kamera yako. Chukua ya aluminiamu, yenye miguu ya vipande vitatu badala ya vitano, kwa kuwa kila kiungo kinachoongezwa huufanya mguu wa chini kuwa mwembamba zaidi. Ifungue miguu yote mpaka mwisho, usiinue nguzo ya katikati, kisha shika kichwa chake kwa mikono miwili, kandamiza na ujaribu kukipinda kama unayekamua nguo. Ikizunguka au mguu mmoja ukiteleza, irudishe. Uzito inaotajwa kubeba uwe angalau mara mbili ya uzito wa kamera na lenzi yako nzito. Tazama pia bamba dogo linalofungwa chini ya kamera, uulize kama la akiba linapatikana, maana likipotea tripodi nzima haina kazi. Ikiwa ina ndoano chini ya nguzo, ning'iniza begi lako hapo wakati wa upepo. Ukiipeleka ufukweni, ioshe kwa maji baridi ya bomba siku hiyohiyo, na iache ikauke miguu ikiwa wazi; chumvi na mchanga huvila viungo kimyakimya. Kamera ikishakaa juu yake, zima kizuia mtikisiko cha lenzi na utumie kipima muda cha sekunde 2, ili kidole chako kisiitikise.

Kabla hujalipa, funga vyote pamoja palepale: lenzi kwenye bodi, bodi kwenye tripodi, kadi ndani. Piga picha 20 za gazeti lililobandikwa ukutani, uone kama pembe zote nne za ukurasa zinasomeka sawasawa. Upande mmoja ukififia kuliko mwingine, vioo vya lenzi vimehama, huenda iliwahi kuanguka. Ukiridhika, omba risiti yenye namba ya bodi na namba ya lenzi, na uzilinganishe wewe mwenyewe na zile zilizochongwa kwenye vifaa kabla ya kutoka mlangoni.