Andika tathmini ya kambi asubuhi, kabla ya kuwasha gari
Katika safari ya kulala kila usiku kwenye kambi tofauti ya mahema au karavani (nyumba ndogo inayokokotwa na gari), andika tathmini yako kwa wasafiri wengine asubuhi kabla ya kuondoka, ukitaja namba ya eneo ulilolala ndani ya kambi, kwa sababu jioni ya kuwasili huwa bado hujasikia kelele za usiku wala kujua kama maji ya moto yanatosha wageni wote wanapooga kwa pamoja, na baada ya kambi tatu kumbukumbu huchanganyika. Namba hiyo msomaji anaihitaji mno, kwani usingizi wa kando ya vyoo haufanani na wa pembeni kabisa. Msimu wa wageni wachache njia hii hupotosha, kwa kuwa utulivu wa wakati huo hauonyeshi hali ya likizo. Hivyo taja na mwezi.