Kuinua usomaji wa wanafunzi wa masafa, kuanzia darasa la tano hadi kidato cha pili: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni kwa walimu na wawezeshaji wa watoto wa miaka 10 hadi 15 ambao hawaji darasani kila siku. Wapo wanaochukua moduli kituoni na kusomea nyumbani, wapo wanaokutana na mwalimu Jumamosi tu, na wapo waliokaa nyumbani muda mrefu kwa ugonjwa. Mimi ni mwezeshaji Dar es Salaam, upande wa Mbagala, na ninachoeleza hapa ndicho ninachofanya kila wiki. Hakuna haja ya kompyuta. Simu ya kawaida, kopi chache na daftari vinatosha, ilimradi mwalimu awe tayari kusikiliza.

Kuna jambo moja la kulishika tangu mwanzo. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akishazijua silabi anaweza kukusomea ukurasa mzima bila kukwama na asiambulie kitu. Darasani ungemtazama usoni ukajua. Kwa masafa unaletewa daftari lililojaa majibu yaliyonakiliwa kutoka kwenye aya, tena kwa mwandiko mzuri, nawe unaweka vema. Mwaka 1986 watafiti wa usomaji Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba kusoma kwa ufahamu ni zao la mambo mawili yanayozidishana: kuyatambua maandishi, na kuielewa lugha yenyewe. Moja likiwa sifuri, jibu ni sifuri. Wanafunzi wangu wengi wana la kwanza. Wanachokosa ni mtu wa kuzungumza naye juu ya walichosoma, na hatua zote zinazofuata zinalenga hapo.

Hatua ya 1: Jua simu ni ya nani na inapatikana saa ngapi

Kabla ya kugawa karatasi yoyote, andika kwa kila mwanafunzi: simu ni ya nani, ni kitochi au simu janja, mwenyewe anarudi saa ngapi, na nani nyumbani anajua kusoma. Huku kwetu simu mara nyingi ni ya mama, na mama yuko gengeni mpaka saa moja usiku. Ukipiga saa nane mchana unampata mama katikati ya wateja, na mtoto yuko nyumbani.

Zungumza na mlezi mwenyewe kwanza, kwa adabu, na mkubaliane siku na saa. Piga kwenye namba ya mlezi, naye ajue kila mara unapopiga. Kwa wanafunzi wa kike hili halina mjadala, hata kama binti ana simu yake. Mwambie mlezi asiyejua kusoma kwamba ana kazi vilevile: mtoto akimaliza kusoma, amuulize, "Haya, wamesema nini humo?" na asikilize mpaka mwisho.

Hatua ya 2: Msikilize akisoma, kisha funga karatasi

Chagua aya ya maneno 150 hivi ambayo hajawahi kuiona. Mwenye simu janja anaweza kukutumia sauti kwa WhatsApp, mwenye kitochi mpigie. Asome kwa dakika moja, wewe ukihesabu maneno aliyosoma sawasawa. Usitumie majedwali ya kasi ya kusoma yaliyotengenezwa kwa Kiingereza. Neno letu moja kama "hawakutuandikia" limebeba sentensi nzima, kwa hiyo hesabu haziwezi kulingana. Mlinganishe mtoto na yeye mwenyewe, wiki hii na wiki ya sita.

Akimaliza aya, mwambie aigeuze karatasi na akusimulie. Usimuulize swali lolote bado. Subiri. Andika alichosema kwa maneno yake, hata kama ni sentensi moja.

Utapata makundi matatu. Anayekwamakwama lakini anasimulia vizuri huyo anahitaji mazoezi ya kusoma aya ileile mara tatu au nne kwa sauti, na atafunguka haraka. Anayekwama na hasimulii anahitaji kurudishwa kwenye silabi, ana kwa ana, bila kutangaziwa mbele ya wenzake. Kundi kubwa kwangu ni la tatu, la wanaosoma kwa kasi kisha wakageuza karatasi na kunyamaza. Kwa hao, endelea hatua ya 3.

Hatua ya 3: Tafuta matini yenye kitu cha kubishania

Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vya kusoma bure, na mradi wa African Storybook una hadithi za Kiswahili unazoruhusiwa kuchapa. Vitumie, ila angalia umri. Kijana wa miaka 13 ukimpa hadithi ya sungura yenye mistari sita, atajiona umemfanya mtoto mdogo na hatakuambia. Ataacha tu kupokea simu. Hadithi hizo mpe amsomee mdogo wake, hapo heshima yake inabaki. Wa mjini karibu wanaweza kwenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed.

Mimi matini nyingi naziandika mwenyewe, maneno 60 mpaka 200, kuhusu vitu wanavyovifahamu: bei za samaki Feri, foleni ya mwendokasi, mbu wa dengi. Hii ni mojawapo:

*Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe na kuingia Bahari ya Hindi karibu na daraja la Selander. Mvua ikinyesha vilimani, maji hukusanyika na kuteremka, hata kama Jangwani halijadondoka tone. Mchanga na taka zinazobebwa na maji hutua bondeni. Kina cha mto hupungua, maji hutafuta njia nyingine. Ndiyo maana wakati wa masika Barabara ya Morogoro hufungwa mara kwa mara pale Jangwani.*

Kisha maswali matatu, yasizidi. La kwanza jibu lake liko kwenye mstari: mto unaishia wapi? La pili linamlazimisha kuunganisha sentensi: kwa nini Jangwani panaweza kufurika siku ambayo hapajanyesha? La tatu halina jibu kwenye karatasi: jirani anasema akichimba mtaro mbele ya nyumba yake atakuwa salama na mafuriko, wewe utamwambiaje?

Hatua ya 4: Piga simu, dakika kumi na tano

Hapa ndipo kazi ilipo. Ujumbe mfupi wa maandishi ni rahisi na unafika kwa wengi mara moja, lakini hautoshi. Shule zilipofungwa kwa UVIKO-19, watafiti nchini Botswana walilinganisha familia zilizotumiwa ujumbe mfupi peke yake na zile zilizopata ujumbe pamoja na simu ya mwalimu kila wiki. Watoto waliopigiwa simu walisonga mbele. Ujumbe peke yake haukuleta tofauti ya kutegemewa. Walichokuwa wakifundisha ni hesabu, si kusoma, lakini mimi nayaona yaleyale kwenye kusoma.

Mazungumzo huenda hivi, baada ya shikamoo na kuulizana hali:

"Kwa nini Jangwani panafurika na mvua haijanyesha pale?"

"Kwa sababu maji hukusanyika na kuteremka."

"Hayo ni maneno ya karatasi. Hebu nieleze kama unamweleza mdogo wako."

Akanyamaza. Nikamwacha. "Mvua imenyesha kule juu, Kisarawe. Sasa maji yanakuja na mto mpaka huku."

"Umejuaje kwamba Kisarawe ni juu?"

"Wamesema yanateremka, mwalimu. Na wamesema vilima."

Swali la "umejuaje" ndilo la kuliuliza kila simu. Linamrudisha kwenye maandishi akatafute ushahidi, na baada ya wiki kadhaa ataanza kujiuliza mwenyewe bila wewe. La pili kwa umuhimu ni kule kunyamaza kwako. Kwenye simu sekunde tano za kimya zinaonekana ndefu na mwalimu hukimbilia kujaza jibu, salio nalo linakwenda. Vumilia. Na akikosea, usimwambie "hapana". Mwambie akusomee mstari unaohusika, kisha umuulize tena.

Kama una wanafunzi wengi, waunganishe watatu watatu kwenye simu moja, mmoja asome, wa pili asimulie, wa tatu aulize. Wakizoeana watasubiri siku ile kwa hamu, kwa sababu kijana wa umri huu anachokikosa zaidi kwenye masomo ya masafa ni wenzake.

Hatua ya 5: Aseme kwanza, ndipo aandike

Baada ya simu, mwambie aandike yaleyale aliyokuambia, sentensi nne au tano, bila kuangalia matini. Wenye simu janja wapige picha ya ukurasa. Wengine walete Jumamosi. Wewe jibu kwa sauti, si kwa kalamu nyekundu: taja jambo moja alilosema lililokufanya ufikiri, na jambo moja tu la kurekebisha. Ukimrekebishia herufi kubwa, nukta, ngeli na tahajia kwa siku moja, wiki ijayo ataandika sentensi mbili fupi asizoweza kukosea.

Hatua ya 6: Mvushe kwenye Kiingereza mapema

Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na moduli za sekondari kwa Kiingereza, na anayejiandaa na Mtihani wa Maarifa (QT) wa Baraza la Mitihani, ule wa wanaosomea nje ya shule, hana mwalimu wa kumtafsiria papo hapo. Usimpe moduli na kamusi ukadhani umemsaidia. Mada ya wiki ijadilini kwanza kwa Kiswahili kwenye simu, mpaka aielewe. Kisha mpe aya moja ya moduli, si sura nzima, pamoja na maneno matano tu ya kuandika kwenye daftari kwa safu tatu: neno, maana yake kwa Kiswahili, na sentensi aliyoitunga yeye. Aliyeshaelewa habari za mto na mmomonyoko kwa Kiswahili huyakisia mengi ya Kiingereza mwenyewe.

Hatua ya 7: Anayepotea, mfuate ndani ya wiki

Akikosa simu mbili mfululizo, usimtumie ujumbe wa lawama. Piga kwa mlezi, msalimie, sema: "Nimemkumbuka kijana wangu, wiki iliyopita alikuwa ananieleza jambo zuri, nataka alimalizie." Mara nyingi utaambiwa simu iliharibika, au amepelekwa kwa bibi yake Mkuranga, au anasaidia kuuza vitumbua. Yote hayo yana njia. Badilisha saa, punguza kazi, mtumie matini moja fupi.

Hatua ya 8: Pima tena wiki ya sita

Rudia hatua ya 2 kwa aya mpya ya urefu uleule na uweke maelezo ya zamani pembeni. Mwonyeshe mwanafunzi mwenyewe alivyosimulia wakati ule na anavyosimulia sasa.

Ambaye hajasogea hata kidogo, usimwite mzito. Mkikutana, mwangalie anavyoshika karatasi: anaisogeza karibu na pua, anafinya macho, anaruka mistari, anapata maumivu ya kichwa akisoma? Mwandikie mlezi barua fupi ya kumpeleka mtoto kupimwa macho, hospitali ya wilaya au CCBRT kule Msasani. Wakati anasubiri miwani, mchapie matini zake kwa maandishi makubwa, mistari ikiwa imeachana, na simu ziendelee kama kawaida.