Pakeji Imesakinishwa Lakini Python Haioni: Jinsi ya Kujua Imewekwa Wapi

Somo hili linahusu tatizo moja. Umetumia pip, programu ya kusakinisha pakeji za Python, ukaandika `pip install requests`, terminali imekujibu kwamba kazi imekamilika, lakini ukiendesha programu yako unapata `ModuleNotFoundError: No module named 'requests'`. Wengi hukimbilia kusakinisha upya, safari hii kwa `sudo` (yaani kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo), na hapo ndipo tatizo dogo linapokua. Nawasihi msisakinishe chochote kabla hamjajua mambo mawili: ni Python ipi inayoendesha programu yenu, na pip mliyotumia ni ya Python ipi. Kompyuta moja inaweza kuwa na Python kadhaa, na kwa kawaida kila moja ina folda yake ya pakeji bila kuangalia ya mwenzake.

Hatua ya kwanza: itambue Python inayofanya kazi. Juu kabisa ya faili la programu yako, kabla ya mistari mingine, andika:

`import sys; print(sys.executable)`

Kisha endesha programu kwa njia ileile uliyoizoea. Kama huwa unabonyeza kitufe cha kihariri, bonyeza hichohicho, kwa sababu kihariri huweza kuwa kimechagua Python tofauti na ile inayoitwa na terminali. Tuseme jibu linaishia na `mradi/.venv/bin/python`, yaani Python iliyo ndani ya `.venv`, folda ya mazingira ya mradi yanayojitegemea.

Hatua ya pili: iulize pip ni ya nani. Kwenye terminali andika `pip --version`. Katika Ubuntu 22.04, kwa mfano, pip ya mfumo hujibu `pip 22.0.2 from /usr/lib/python3/dist-packages/pip`, na mwishoni hutaja Python 3.10. Linganisha na jibu la hatua ya kwanza: programu inaendeshwa na Python iliyo ndani ya `.venv`, ilhali pip ni ya mfumo mzima. Hitilafu yako ni hiyo.

Rudi pia juu kwenye maandishi yaliyotokea wakati wa kusakinisha, maana kuna mstari ambao watu huupita bila kuusoma: `Defaulting to user installation because normal site-packages is not writeable`. Mstari huo unakuambia kwamba pip haikuwa na ruhusa ya kuandika kwenye folda ya mfumo, kwa hiyo imeweka pakeji katika folda yako binafsi, `~/.local/lib/python3.10/site-packages`, ambayo mazingira ya `.venv` hayaitazami yasipoamriwa hivyo yanapoundwa.

Hatua ya tatu: sakinisha kupitia Python yenyewe. Badala ya kuandika `pip` peke yake, andika `python -m pip install requests`, ukiweka mahali pa `python` njia kamili uliyoipata katika hatua ya kwanza. Kwa namna hii pakeji haiwezi kwenda kwa Python nyingine. Kama mradi hauna mazingira yake, yaunde kwa `python3 -m venv .venv`, kisha yawashe kwa `source .venv/bin/activate`, au `.venv\Scripts\activate` katika Windows. Kuyawasha hakufanyi muujiza wowote: kazi yake kubwa ni kuitanguliza folda ya mazingira hayo katika `PATH`, orodha ya folda ambamo terminali hutafuta amri, na ndiyo maana ukifungua terminali nyingine huna budi kuyawasha tena.

Hatua ya nne: hakikisha. Amri `python -m pip show requests` ina mstari wa `Location`, unaotaja folda ilimo pakeji.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi natumia Debian 12, na pip inakataa kabisa ikisema `externally-managed-environment`. Nimeona watu wanashauri kuongeza `--break-system-packages`. Je, ni salama?*

Hapana, ndugu yangu. Debian ilianza kuweka kizuizi hicho katika toleo hilo la mwaka 2023 kwa sababu zana kadhaa za mfumo hutegemea Python hiyohiyo, na pakeji yenye toleo jingine huweza kuziharibu. Sakinisha `python3-venv` kwa `apt`, kisha unda mazingira ya mradi.

*Nilihamisha folda ya mradi, na sasa pip inasema `bad interpreter`.*

Fungua faili `.venv/bin/pip` usome mstari wa kwanza: utakuta njia kamili ya folda ya zamani. Usijaribu kurekebisha faili mojamoja. Futa `.venv`, iunde upya, kisha sakinisha kutoka `requirements.txt`, faili linaloorodhesha pakeji za mradi.

*Location ni sahihi kabisa, lakini bado `import beautifulsoup4` inakataa.*

Jina la kusakinishia si lazima liwe jina la kuitia. Hiyo huitwa `bs4`. Vilevile `Pillow` huitwa `PIL`, na `opencv-python` huitwa `cv2`.

*Yangu inaitika, ila inasema `requests` haina `get`. Nimesakinisha mara nyingi bila mafanikio.*

Endesha `python -c "import requests; print(requests.__file__)"` ukiwa ndani ya folda ya mradi. Likitajwa faili ulilolianzisha wewe mwenyewe kwa jina `requests.py`, basi Python inalisoma hilo kwanza na haifiki kwenye pakeji. Libadilishe jina, huna haja ya kusakinisha kitu.