Bahasha ya ahadi ijadiliwe nyumbani kwanza
Ninyi wanandoa mnaopokea mwanzoni mwa mwaka bahasha za ahadi, yaani za sadaka mnayoahidi kulitolea kanisa mwaka huo, kama ilivyo desturi katika sharika nyingi za Kilutheri nchini Tanzania, ninawasihi mketi pamoja na kukubaliana kiasi kabla mmoja wenu hajaandika chochote, kwa sababu ahadi aliyoiweka mume kwa siri mara nyingi huishia kulipwa na mke kutoka kwenye fedha za mboga. Anzeni na ada ya shule, kodi ya nyumba na matunzo ya wazazi wazee, kisha pangeni sadaka mtakayoitoa bila kunung'unika. Wapo wachungaji wenzangu wasiopenda mpangilio huu. Hata hivyo, katika Marko 7:9–13 Yesu anawakemea waliotangaza mali yao kuwa wakfu kwa Mungu huku wakikwepa kuwasaidia baba na mama zao, na katika 2 Wakorintho 9:7 Paulo anataka kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima. Kipato kikiyumba katikati ya mwaka, mwelezeni mzee wa kanisa mapema, badala ya kukopa au kuacha kuja ibadani kwa aibu.